Sehemu ya 14: Fyuzi iliyozibwa kwa karatasi ya sigara

Wiki iliyopita niliahidi kuongelea homa za watoto. Nitaongelea, ila leo napita mlango mwingine kabisa: pikipiki ya marehemu baba yangu. Usikimbie. Kama kwako kuna pikipiki, iwe ya mzee, ya shemeji au ya mpangaji mwenzio, na usiku inalala ndani ya nyumba, basi hili somo ni lako.

Kwanza mnijue ninapoishi. Tuko Ilala, si mbali na Karume, kwenye nyumba zile za Kiswahili: mlango mmoja mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma kuna choo, jiko na ukuta. Hakuna mlango wa nyuma. Tuko kaya nne, watoto jumla saba. Pikipiki ililala kwenye korido, hatua mbili kutoka mlango wa mbele. Kwa nini ndani? Si mnajua wenyewe. Ukiiacha nje asubuhi unakuta alama ya matairi tu.

Ni Honda CG 125. Baba aliinunua mwaka 1982 ikiwa imeshatumika, akaitembelea Kisarawe akiwa bwana afya, Maneromango huko na vijiji vya ndani, chanjo kwenye kasha la barafu limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mama anasema uchungu wangu ulipomshika usiku, ndiyo iliyompeleka kituo cha afya, na taa yake ilikuwa hafifu kama kibatari. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini sikuiuza siku ya kwanza, jibu ni hilo, wala sioni haya.

Baba alipofariki ikaja kwangu. Mume wangu, Baba Nuru, huwa anaitumia kwenda kazini siku daladala zikigoma kupita.

Sasa sikia kosa langu.

Kipindi cha masika fyuzi ikaanza kukatika. Mara ya kwanza tukanunua nyingine. Siku mbili, ikakatika tena. Mara ya tatu nikaipeleka mimi mwenyewe kwa kijana mmoja fundi wa njiani. Alifungua, akaitoa ile fyuzi iliyoungua, akaizungushia karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, akairudisha. "Hii haikatiki tena dada." Taa zikawaka, honi ikalia. Akanitoza shilingi 2,000. Nikamshukuru. Nikamwongezea na hela ya soda.

Mimi, nesi, ninayewafokea akina mama kila siku.

Wiki mbili baadaye, saa tisa usiku, sikuwa zamu. Nikaamshwa na harufu kama beseni la plastiki limesahauliwa karibu na moto. Nikadhani ni jikoni kwa jirani. Nikafungua mlango wa chumba, korido imejaa moshi mweupe, na pale chini ya usukani, mahali waya zinapopinda kuingia kwenye fremu, kuna waya mmoja umekuwa mwekundu kama koili ya jiko la umeme. Ufunguo haukuwepo kwenye swichi. Ulikuwa umening'inia msumarini chumbani kwangu. Pikipiki imezimwa tangu saa moja jioni na inaungua.

Nilipiga kelele. Kijana wa chumba cha mbele akatoka na koleo, akang'oa kifuniko cha ubavuni, akaukata waya wa betri. Plastiki ikaendelea kufuka kidogo, kisha ikatulia. Kutoka pale hadi kwenye tangi la petroli ni kiganja kimoja na nusu. Na wale watoto saba, njia yao ya kutoka nje ilikuwa ni kumpita huyo mdudu. Nyingine hakuna.

Hakuna aliyeumia. Naandika sentensi hiyo na mikono bado inatetemeka.

Asubuhi Baba Nuru hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama Nuru, naiheshimu kumbukumbu ya mzee. Ila kitu hiki kisilale tena na wanangu. Mwisho wa mwezi kama hakijawa salama, naita watu wa vyuma chakavu." Nikakubali. Alikuwa na haki.

Siku iliyofuata ndugu zake wakatushauri tuzungushie tepu nyeusi pale palipoungua, maisha yaendelee. Hapo nikakataa. Tepu ndiyo ilinileta hapa. Tulipofunua, tulikuta tepu juu ya tepu, waya wa redio umeungwa na waya wa spika, vimesokotwa kwa vidole tu. Miaka arobaini ya viraka. Kila fundi alitibu dalili yake akaenda zake.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Gerezani. Jumamosi tukaisukuma kwa mguu, mimi na Baba Nuru, barabara ya Uhuru yote mpaka Msimbazi, katikati ya mikokoteni, wauza nguo na makuli wenye marobota kichwani. Kariakoo haina huruma na mtu anayesukuma pikipiki. Tulifika tumelowa jasho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mgonjwa anaumwa nini?"

Nikamweleza. Akaomba aione ile fyuzi. Nikampa. Akaifungua ile karatasi ya sigara taratibu, akaiweka mezani, akaniuliza, "Wewe unafanya kazi gani?" Nikasema nesi. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi wewe sina haja ya kukufundisha. Mtoto akipata homa, homa ndiyo ugonjwa?"

Nikanyamaza.

Mama zangu, tuelewane hapa maana ndiyo kiini cha somo lote. Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kilichowekwa makusudi kiwe cha kwanza kufa. Umeme ukipita kuliko inavyotakiwa, kinayeyuka, njia inakatika, waya mwingine wote unapona. Kwa hiyo fyuzi ikikatika mara tatu kwa wiki, haikusumbui. Inakuambia kuna mahali waya wa moto unagusa chuma, yaani kuna shoti. Ukiizungushia karatasi ya sigara umeiziba mdomo. Umeme bado utatafuta kitu cha kuyeyusha, na kinachofuata kwa wembamba ni waya wenyewe, ndani ya fremu, chini ya tangi, kwenye korido yako.

Na kwa nini iliungua ikiwa imezimwa? Mzee alinionyesha. Swichi ya ufunguo inakata umeme unaotoka kwake kwenda mbele. Waya mwekundu unaotoka betri kwenda kwenye swichi wenyewe una moto saa 24, uzime usizime. Wa kwetu ulikuwa umesuguana na fremu kila usukani ulipogeuka, miaka na miaka, mpaka ngozi yake ikaisha. Usiku ule ukagusa chuma. Kama fyuzi ingekuwa nzima, ingekatika, na sisi tungeamka asubuhi tukilalamika pikipiki haina taa. Basi.

Akasema hakuna kiraka. Tunabadilisha wayaringi nzima.

Mimi nikadhani ni jambo la kununua. Nikaingia madukani, na kweli vijana wanakuletea wayaringi ya pikipiki ya Kichina imefungwa kwenye mfuko, mpya kabisa, "inaingia hiyo mama, CG zote ni ndugu." Ni kweli ni ndugu, pikipiki nyingi za Kichina zimeigwa kutoka kwenye hiyohiyo CG. Nikarudi nayo nimefurahi. Mzee akaigeuza mara moja akanirudishia. "Ya kwako ni volti 6 na inatumia platini. Hii imeshonwa kwa ajili ya volti 12 na CDI. Plagi zitakubali kuingia, ila kinachopita humo siyo kinachotakiwa." Nikakumbuka dawa mbili zenye vichupa vinavyofanana kwenye kabati moja. Kuingia kwenye sindano si kusema ndiyo dawa yake.

Kisha akanipa hesabu ambayo naomba muishike. Taa ya wati 24 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampia 2. Taa hiyohiyo kwenye volti 6 inavuta ampia 4. Pikipiki kongwe ina umeme mdogo kwa jina, ila ndani ya waya unapita mara mbili zaidi. Kwa hiyo waya mwembamba unaofaa pikipiki mpya, kwenye kongwe unapata joto, na taa inakuwa hafifu. Ile taa ya baba iliyompeleka mama yangu kujifungua, mzee anasema inawezekana wala haikuwa na shida ya balbu. Waya ulikuwa umechoka, na kutu kwenye ethi.

Ikabidi tushone yetu wenyewe. Ilichukua Jumamosi tatu.

Jumamosi ya kwanza hatukukata chochote. Mzee ana sheria: wayaringi ya zamani hata ikiwa imeungua, usiitupe, ndiyo ramani. Tulipiga picha kwa simu kila kona kabla ya kuchomoa. Halafu mimi nikatoa roli la plasta kwenye pochi, nikakata vipande, kila waya nikauandikia unapotoka na unapokwenda, kama tunavyowafunga vitambulisho vichanga wodini. Mzee akaitazama ile plasta, akasema miaka yote hajawahi kufikiria hilo. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa daraja.

Tukaitoa nzima, tukailaza kwenye ubao, akapigilia misumari kufuata mikunjo yake yote. Nuru, miaka sita, alikuwa anashika tochi. Akauliza kama hiyo ndiyo mishipa ya pikipiki. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi ya pili tukaenda kununua waya, kwa mita, kwa rangi. Hapa nilijifunza lugha mpya. Kwenye Honda, kijani ni ethi, inarudi kwenye bodi. Nyekundu inatoka betri. Nyeusi ni moto uliokwisha kupita kwenye ufunguo. Bluu ni taa ya juu, nyeupe ni taa ya chini, kahawia ni taa ya nyuma. Rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto, bluu mpauko ni ya kulia. Kijani yenye mstari wa njano ni taa ya breki. Nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia injini, na kwenye pikipiki yetu inayojizalishia cheche bila kutegemea betri, ukiiunga kimakosa na moto wa betri umetafuta balaa.

Lakini usikariri ukaenda nazo kwa Yamaha ya jirani. Yamaha nyeusi ndiyo ethi. Rangi moja, maana mbili. Fundi anayekwambia "nyeusi ni nyeusi tu" mpe mkono wa kwaheri.

Kama huipati rangi kamili, mzee anasema heri waya mmoja uwe na rangi ngeni ila uandikwe, kuliko kuweka nyekundu kila mahali kwa sababu nyekundu ndiyo iliyobaki dukani. Mtu wa baadaye atakayeifungua naye ana watoto.

Kushona kwenyewe nitafupisha. Maungio yanabanwa kwanza, ndipo yanapigwa risasi, ndipo yanavishwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Hakuna kusokota kwa vidole. Na hakuna ungio lolote pale shingoni usukani unapogeuka. Hapo waya upite mzima, ulegee kidogo, ujaribu kugeuza usukani mpaka mwisho kulia na mwisho kushoto uone hauvutiki. Pale ndipo ya kwetu ilipoanzia kufa. Ethi ilikwanguliwa rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa. Na fyuzi ya ampia 10, ileile inayotakiwa na pikipiki yetu, ikawekwa karibu kabisa na betri, si mwisho wa safari, maana waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi.

Jumamosi ya tatu, majaribio. Baba Nuru naye alikuja, amesimama mbali kidogo, mikono nyuma. Nikataka kuweka fyuzi tupige kiki. Mzee akanizuia. Mahali pa fyuzi akaweka balbu. Akasema kama kuna shoti, badala ya waya kuungua, balbu hii itawaka kwa nguvu zake zote, na sisi tutaona bila hasara.

Ufunguo umefungwa: balbu giza. Sawa. Ufunguo umefunguliwa: inamulika kidogo sana, maana kuna kitaa cha gia kinavuta. Sawa. Indiketa: inapepesa. Honi: inakoroma. Kisha nikakanyaga breki ya nyuma, na balbu ikawaka kwa nguvu zote huku taa ya breki yenyewe imekufa kimya.

Shoti. Baada ya kazi yote ile, Jumamosi tatu.

Nikamtazama Baba Nuru. Tarehe ilikuwa 28. Hakusema kitu.

Mzee wala hakushtuka. "Umekanyaga panapouma, amelia. Vizuri." Tukafuata ile kijani yenye mstari wa njano mpaka nyuma. Kipande cha mwisho, ndani ya madigadi, tulikiacha cha zamani kwa sababu kwa macho kilikuwa kizuri. Uvivu wetu, tuseme ukweli. Tukakichomoa: chini yake, boliti ilikuwa imekikandamiza, waya unaonekana shaba. Tukakishona upya. Nikakanyaga breki tena, na taa nyekundu ya nyuma ikawaka. Ndipo tukaweka fyuzi.

Kiki ya nne ikaitika. Nuru akaziba masikio huku anacheka.

Gharama, kwa sababu najua mtauliza: waya 42,000, kikasha cha fyuzi na vibanio 9,000, betri mpya ya volti 6 ni 27,000, na mzee akachukua 40,000. Jumla 118,000. Si pesa ndogo kwetu. Ila ile dawa ya 2,000 ilitaka kunigharimu nyumba ya watu kumi na tano.

Sasa ya kuchukua nyumbani, hata kama kwako pikipiki ni mpya na ni ya mkataba.

Isilale kwenye njia ya kutokea. Ya kwetu sasa inalala uani, imefungwa mnyororo kwenye nguzo. Kama huna uani na lazima ilale ndani, iwe mbali na mlango na mbali na jiko, chomoa waya wa betri kila usiku, na hakikisha petroli haivuji, kwa sababu mvuke wake hauonekani.

Weka ndoo ya mchanga. Petroli ikishika moto usimwage maji, yanaitembeza. Watoe watu kwanza, kisha piga Zimamoto, namba 114. Iandike ukutani, mtoto wa miaka saba anaweza kuipiga.

Egzosi ni chuma cha moto. Ndama za watoto wetu zimejaa yale makovu ya mviringo. Mtoto akiungua, mpeleke kwenye maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, hata akilia. Usiweke barafu. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala udongo. Hivyo tunakuja kuviosha sisi kwa maumivu yake. Funika kwa kitambaa safi, njoo kituoni.

Na kila usikiapo fundi anasema "hii haikatiki tena", muulize kwa nini ilikuwa inakatika. Akikosa jibu, chukua pikipiki yako.

Sasa homa niliyowaahidi. Mama mmoja alinijia na mtoto wa miaka miwili. Siku tatu anampa dawa ya kushusha homa, homa inashuka, jioni inarudi, anampa tena. Zamani ningemfokea. Siku ile niliikumbuka ile karatasi ya sigara, nikavuta kiti nikakaa naye. Kumpunguzia mtoto homa si kosa, anateseka. Kosa ni kuishia hapo. Homa inakatika na kurudi kwa sababu kuna kitu kinaigusa. Mlete apimwe malaria, aangaliwe kifua na masikio. Na kama hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, usisubiri asubuhi, njoo usiku huohuo.

Yule mtoto alipimwa, alikuwa na malaria, alitibiwa, amepona.

Kuhusu pikipiki, watu wa vyuma chakavu hawakuitwa. Kila usiku saa tatu Baba Nuru anakwenda uani na tochi, anachomoa waya wa betri, anarudi kulala. Sijamwambia afanye hivyo. Ile fyuzi na karatasi yake nimezibandika kwa plasta kwenye mlango wa kabati, ndani, ninapochukulia sare yangu ya kazi.

Jumapili ijayo: mtoto aliyemeza kitu. Kama una jirani mwenye pikipiki koridoni, mtumie hii leo, usingoje kesho.